Kikombe, sindano na neva ya jicho

Miezi ya kwanza ya mwaka 2011, barabara ya vumbi iingiayo Samunge, katika tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, ilifunikwa na magari kwa kilometa nyingi. Mabasi ya kukodi yalitoka Arusha, Mwanza na Dar es Salaam, mengine yalivuka mpaka kutoka Kenya, na wenye uwezo walishuka kwa helikopta. Wote walimfuata Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambaye nchi nzima ilikuwa imeshazoea kumwita Babu. Alichemsha mizizi ya mti ambao Wabatemi wa huko huuita mugariga, akamkabidhi kila aliyefika kikombe kimoja kwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa, wabunge walikunywa. Wagonjwa waliotolewa wodini wakiwa hoi walifia njiani au kwenye foleni, na vyombo vya habari viliwahesabu kwa makumi.

Orodha ya maradhi yaliyowapeleka watu Samunge inafaa kusomwa upya leo: kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu, kifafa, Ukimwi. Si maradhi ya kulazwa wiki moja na kuruhusiwa. Ni yale ambayo daktari, akishapima, humwambia mgonjwa kwamba atatumia dawa mpaka mwisho wa uhai wake, na kwamba hata akizitumia vizuri hatarudi alivyokuwa. Kauli hiyo ndiyo iliyojaza barabara ya Samunge kuliko mahubiri yoyote. Watu hawakuikimbia hospitali kwa sababu hawaijui. Wengi wao walitoka huko huko, wakiwa na kadi za kliniki mfukoni.

Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, imo katika kundi hilo. Ndiyo inayoongoza duniani kwa upofu usioweza kurudishwa, na kwa sasa hakuna dawa, mionzi wala kisu kinachoweza kumrejeshea mtu hata sehemu ndogo ya uoni ambao imekwisha kuuchukua. Kwa hiyo taarifa zinapotoka maabara za Marekani au Japani kwamba seli shina huenda siku moja zikapandikizwa jichoni na kuirudisha neva iliyokufa, zinasikika kwa sikio lile lile lililosikia habari za kikombe. Hoja yangu ni kwamba sayansi hii ni ya kweli na inastahili kufuatiliwa, lakini thamani yake kwa mtu wa Sale inategemea mambo mawili yasiyo na uhusiano na maabara yoyote ya ng'ambo: kama neva yake itakuwa bado ipo siku hiyo itakapofika, na kama tumejifunza kumtambua anayeuza matumaini bila kuweka hesabu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho, nyuma ya konea, kuna maji safi yanayotengenezwa usiku na mchana, na kutoka kupitia kichujio chembamba kilicho pembeni, pale konea inapokutana na sehemu ya jicho yenye rangi. Mbatemi hahitaji somo refu hapa. Vijiji vyake vinaishi kwa mifereji ya umwagiliaji tangu enzi. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliandika kitabu kizima juu ya mifereji hiyo mwaka 1963. Wazee wanaogawa maji, wenamiji, wanajua kwamba hatari haiko kwenye chemchemi peke yake. Njia ya kutokea ikiziba, maji hupanda, na shamba lililo chini ndilo linaloharibika, si mfereji. Katika jicho, shamba hilo ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Neva hiyo imeundwa na nyuzi za seli za ganglioni, takriban milioni moja katika kila jicho. Kila seli imekaa juu ya retina na kutuma uzi wake mmoja mrefu kupitia tundu lililo nyuma ya jicho hadi katikati ya ubongo. Shinikizo la kawaida la jicho liko kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Likizidi na kukaa hivyo kwa muda mrefu, nyuzi hizo huminywa pale tundu lilipo, na seli zake hufa moja moja kwa miaka. Wapo pia ambao neva yao hufa hata shinikizo likiwa katika kiwango cha kawaida, na wapo wenye shinikizo la juu wasiodhurika. Ndiyo maana kipimo cha presha peke yake hakitoshi, mpaka daktari aitazame neva yenyewe nyuma ya jicho.

Ubaya wa glakoma ya aina iliyoenea kwetu ni ukimya wake. Haiumi, haiwashi, na jicho halibadiliki rangi. Huanza kula pembezoni mwa uoni, na jicho la pili pamoja na ubongo hulijaza pengo hilo bila mwenyewe kujua. Mtu anaweza kuendelea kusoma Biblia na kuwahesabu mbuzi wake jioni huku nusu ya neva imeshakwenda. Anaanza kujikwaa kwenye vizingiti, anamgonga mtu aliyesimama ubavuni, anasema ni uzee. Akifika hospitali, mara nyingi jicho moja halioni kabisa na la pili limebakiwa na tundu dogo la katikati.

Tuna takwimu za kuaminika kiasi juu ya ukubwa wa tatizo, ingawa hazikutoka Sale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakishirikiana na Watanzania, walikwenda vijiji vya Kongwa, Dodoma, na kuwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: asilimia 4.16 walikuwa na glakoma, na wengi wao ile ya ukimya niliyoieleza. Kongwa ina wakulima na wafugaji kama Ngorongoro ilivyo nao, jua kali na vumbi kama la Ngorongoro. Sithubutu kuhamisha asilimia hiyo moja kwa moja kutoka mkoa hadi mkoa, lakini hakuna sababu ya kudhani Sale imesamehewa. Tunajua pia kwamba watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi, huipata mapema na hupofuka zaidi kuliko Wazungu, na kwamba ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana hatari kubwa mara kadhaa kuliko jirani yake.

Katika ukanda wa wafugaji, kampeni za macho kwa miaka mingi zimehusu vikope na mtoto wa jicho. Ni haki kabisa: vikope vimewapofusha kina mama wengi wa Kimaasai, na ugawaji wa dawa ya azithromaisini kijiji hadi kijiji ni kazi inayostahili sifa. Hata hivyo, vikope huonekana kwa kuigeuza kope kwa kidole, na mtoto wa jicho huonekana kwa tochi. Glakoma haionekani kwa vyote viwili. Timu inaweza kufika kijijini, ikapima watu mia tatu na kuondoka, na wenye glakoma wakarudi nyumbani wakiwa wameambiwa macho yao ni mazima.

Kuna mambo mawili mengine yanayoongeza hatari. La kwanza, mgonjwa anayefifia uoni hudhani ana mtoto wa jicho, na kwa kuwa amesikia kwamba mtoto wa jicho husubiriwa akomae ndipo apasuliwe, naye anasubiri. Mwenye mtoto wa jicho akisubiri miaka mitatu hapotezi kitu kikubwa, bado anaweza kupasuliwa na akaona. Mwenye glakoma akisubiri miaka mitatu huenda amesubiri upofu. La pili ni dawa za matone zenye steroidi, zinazouzwa duka la dawa kwa mtu yeyote mwenye macho mekundu au mtoto anayewashwa. Zinapunguza muwasho upesi, mama anafurahi, anarudi kununua nyingine. Kwa baadhi ya watu, wiki na miezi ya matone hayo hupandisha shinikizo la jicho mpaka kuleta glakoma kwa kijana ambaye hakuwa na ugonjwa huo. Kama ningepewa nafasi ya kupitisha amri moja tu juu ya macho katika nchi hii, ningeanza na chupa hizo.

Sasa tiba iliyopo. Lengo lake ni moja: kushusha shinikizo ili kilichobaki kisife. Kuna matone kama timololi, yanayotumika kila siku bila kukoma, na ambayo mwenye pumu hapaswi kupewa. Kuna upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji, unaofanyika tangu mwaka 1968. Na kuna leza, inayoelekezwa kwenye kile kichujio kwa dakika chache ili maji yapite vizuri zaidi.

Hapa Tanzania ina jambo la kujivunia ambalo halijasimuliwa vya kutosha. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa matone ya timololi pamoja na mafunzo ya kuyatumia, nusu wakapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health, matone yalikuwa yamefanikiwa katika asilimia 31 ya macho na leza katika asilimia 61. Mgonjwa wa KCMC ndiye aliyetoa jibu hilo, si mgonjwa wa London aliyehamishiwa kwetu kwa makadirio. Kwa mtu wa Digodigo au Pinyinyi, ambaye chupa moja ya matone humtaka nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali. Leza nayo hupungua nguvu baada ya muda na huenda ikarudiwa. Lakini safari mbili za Moshi katika miaka kadhaa zinawezekana, ilhali chupa kila mwezi hadi kufa ni ahadi ambayo familia nyingi hushindwa kuitimiza hata zikiwa na nia.

Lakini leza, matone na upasuaji havirudishi kitu. Na hilo ndilo linalowasukuma wanasayansi kwenye seli shina.

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Inaweza kugawanyika na kuwa seli ya damu, ya moyo, ya retina. Tanzania haiko mbali na elimu hii. Upandikizaji wa uloto, ambao kimsingi ni kupandikiza seli shina za damu, ulianza Muhimbili mwaka 2021 na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Damu ni rahisi kwa namna yake: seli ukiitia mshipani inatafuta yenyewe njia ya kwenda kwenye mfupa na kuanza kazi. Haitakiwi kuunganishwa na kitu chochote.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya ngozi ya panya inaweza kurudishwa nyuma kuwa seli shina kwa kuiongezea jeni nne, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Nishani ya Nobel ilimfika mwaka 2012. Tangu hapo mtu anaweza, kwa nadharia, kutoa kipande cha ngozi yake na kutengenezewa seli za retina yake mwenyewe. Mwaka 2014 Masayo Takahashi na wenzake mjini Kobe walimpandikizia mwanamke mmoja mzee tabaka la seli zinazoilisha retina, lililotokana na ngozi yake. Na barani Ulaya, Februari 2015, iliidhinishwa tiba ya seli shina za ukingo wa konea kwa watu walioungua macho kwa kemikali, matunda ya kazi ya muda mrefu ya Graziella Pellegrini na Michele De Luca wa Italia. Kwa hiyo mtu akisema kwamba seli shina zimewahi kumponya mtu jicho, anasema kweli. Anakosea anapoongeza kwamba kwa hiyo zinaponya glakoma.

Tofauti iko kwenye uzi. Seli za konea hufunika, seli zinazolisha retina hulisha zilipo. Seli ya ganglioni haina maana mpaka iunganishwe pande zote mbili. Kwanza ishuke kwenye retina na kutoa matawi yanayonasa habari kutoka kwa seli zilizo chini yake, tena zile zinazofaa, maana ziko za aina nyingi: nyingine zinaitikia mwanga unapowaka, nyingine unapozimika, nyingine mwendo. Kisha irefushe uzi juu ya retina hadi kwenye tundu, ipite pale pale ambapo zile za mwanzo ziliminywa mpaka kufa, isafiri sentimeta kadhaa, ifike kwenye njia panda ambapo nyuzi za upande mmoja huvuka na za upande mwingine haziruhusiwi kuvuka, na mwisho ijipange kwenye ubongo kwa mpangilio ule ule wa retina, ili kilicho juu kionekane juu na kilicho kushoto kionekane kushoto. Mtoto tumboni hulifanya jambo hili mara moja, akiongozwa na ishara za kemikali ambazo kwa mtu mzima nyingi zimeshazimwa.

Maabara zimefika wapi? Mwaka 2016 kundi la Jeffrey Goldberg lilichukua seli za ganglioni za panya wachanga na kuzipandikiza kwenye macho ya panya buku wazima. Katika baadhi yao seli ziliishi, zikatoa matawi, zikaitikia mwanga, na chache zikafikisha nyuzi ubongoni. Ni chache, na si kwa kila mnyama. Thomas Johnson na wenzake wa Johns Hopkins, taasisi ile ile iliyowahi kupima macho ya Kongwa, walionyesha kwamba utando mwembamba ulio juu ya retina ndio unaozizuia seli zilizopandikizwa kushuka, na kwamba ukilegezwa kwa kimeng'enya seli hupenya vizuri zaidi. Mwaka 2023 kundi la Petr Baranov huko Boston liliripoti kwamba ishara fulani ya kemikali inaweza kuzivuta seli za binadamu ziingie katika retina ya panya. Kila hatua ya namna hii inatatua kizuizi kimoja katika mlolongo mrefu.

Kuna njia mbili za karibu zaidi, na binafsi naona zitafika mapema kuliko kupandikiza seli za ganglioni. Ya kwanza ni kuirudisha kazi ya kichujio cha maji. Mwaka 2016 watafiti wa Iowa walipandikiza seli za kichujio zilizotokana na seli shina kwa panya wenye glakoma, na shinikizo likashuka. Kichujio hakihitaji uzi wa kufika ubongoni. Kinahitaji seli hai zinazofanya kazi pale zilipo. Ya pili haipandikizi kitu. Mwaka 2020 maabara ya David Sinclair pale Harvard iliingiza jeni tatu kati ya zile nne za Yamanaka kwenye seli za ganglioni za panya wenye glakoma, na seli zilizokuwa zikidhoofika zikaonekana kurudi nyuma kiumri, panya wakarejesha sehemu ya uoni. Panya, lakini. Macho ya panya yameponywa mara nyingi mno katika historia ya tiba kuliko ya watu.

Wapo pia waliojaribu kwa binadamu kwa njia fupi: kuchukua seli shina za uloto wa mgonjwa mwenyewe na kuzidunga jichoni, si ili ziwe neva mpya bali zitoe kemikali za kuilinda ile ya zamani. Watafiti wa Brazili waliripoti mwaka 2021 juu ya wagonjwa wawili wenye glakoma iliyokwisha kukomaa. Uoni haukuongezeka kwa yeyote kati yao, na mmoja alibanduka retina. Waliandika hivyo, bila kuficha, katika jarida la kitaaluma. Naliona hilo kuwa jambo la heshima kubwa, na nitalirudia.

Muhtasari wa hali ilivyo ni mfupi: hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kwa glakoma popote duniani. Atakayekuambia ipo, iwe kwa picha za mitandaoni zenye wazee wanaotabasamu, iwe kwa wakala wa safari za matibabu anayepiga simu kutoka nje ya nchi, anakuuzia kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Mfano mbaya kabisa haukutoka kijijini. Ulitoka Florida. Machi 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wanawake watatu, wenye umri kati ya miaka 72 na 88, waliokwenda kliniki moja huko wakiwa na ugonjwa wa retina wa uzeeni. Walinyonywa mafuta ya tumboni, mafuta yakachakatwa, na kile kilichoitwa seli shina kikadungwa katika macho yote mawili siku moja. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Kabla ya sindano walikuwa wakiona kwa kiasi chao. Baadaye walipofuka au kukaribia kupofuka. Baadhi yao waliamini wanashiriki utafiti, kwa sababu jina la utafiti lilikuwa limeandikishwa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliizuia kampuni iliyohusika kuendelea na biashara hiyo.

Nikiweka kikombe na sindano hii meza moja, Samunge inatoka na sifa ambayo wasomi wetu hawakuwa tayari kuipa. Babu alitoza shilingi 500. Hakumchoma mtu sindano jichoni. Mti wenyewe ulikuwa ukijulikana na kutumika kwa dawa katika eneo lile kabla yake. Kliniki ya Florida ilikuwa na koti jeupe, fomu za ridhaa na bei ya kumfilisi mstaafu. Kama kipimo ni madhara ya moja kwa moja kwa jicho, kikombe kilikuwa salama kuliko sindano.

Lakini kipimo hicho hakitoshi, na hapa ndipo wale Wabrazili wawili wanarudi. Madhara makubwa ya Samunge hayakuwa ndani ya kikombe. Yalikuwa kwa waliorudi nyumbani na kuacha dawa zao, hasa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na za kisukari, wakiamini wamepona. Nani aliwahesabu? Maelfu kwa maelfu walikunywa, na hapakuwa na daftari la wote lililoandika nani alipimwa kabla, nani alipimwa miezi sita baadaye, nani alipona, nani alikufa nyumbani. Serikali iliyotuma magari, polisi na mahema haikutuma makarani wa kutosha. Mchungaji Mwasapile alifariki tarehe 30 Julai 2021 katika kituo cha afya cha Digodigo, na swali la kikombe kilifanya nini limebaki kuwa suala la imani ya kila mtu. Kinachoitofautisha sayansi na kikombe, au na sindano ya Florida, si maabara yenye vioo. Ni kule kumwandika aliyeshindwa kupona pamoja na aliyepona, na kumtangaza hata pale anapoharibu biashara. Kwa kigezo hicho watu wawili wa Brazili walioshindwa kuona wanatufundisha zaidi ya foleni yote ya Samunge.

Mgonjwa wa Sale akipata ofa ya tiba ya seli shina, basi, maswali yake yawe machache na ya wazi. Nani aliyepewa tiba hii na haikumsaidia, na yameandikwa wapi? Je, anatozwa fedha ili ashiriki utafiti? Kwa kawaida mtu anayejaribiwa tiba mpya hatozwi. Je, watadunga macho yote mawili kwa pamoja? Mtafiti mwaminifu huanza na lile lililo baya zaidi, na kulingoja. Na la mwisho: nani ataendelea kumpima shinikizo la jicho mwakani? Hata siku neva mpya itakapopandikizwa kwa mafanikio, itaingia kwenye jicho lile lile lenye kichujio kilichoziba, na isiposhushiwa presha nayo itakufa kama ya kwanza.

Ndiyo maana siamini kwamba seli shina zitakuja kuchukua nafasi ya leza. Zitakuja juu yake. Mtu atakayefaidika na upandikizaji wa kwanza atakuwa yule ambaye shinikizo limedhibitiwa kwa miaka, retina yake ni nzima, na sehemu ya neva bado ipo kuonyesha njia. Aliyepofuka miaka ishirini iliyopita atakuwa wa mwisho kufikiriwa. Kila mwaka unaopotea sasa kwa kungoja mtoto wa jicho akomae unamtoa mtu kwenye orodha ya tiba ambayo bado haijazaliwa.

Kuna suala jingine ambalo linazungumzwa kidogo mno huku kwetu. Kumtengenezea kila mgonjwa seli kutoka ngozi yake mwenyewe ni ghali na huchukua miezi. Kwa hiyo Kyoto walianzisha benki ya seli kutoka kwa wachangiaji wachache ambao alama zao za kinga ya mwili ni za kawaida sana kwa Wajapani. Kwa aina chache tu wamefikia kiasi cha asilimia 40 ya watu wao. Afrika haina bahati hiyo. Tofauti za kijeni kati ya watu wetu ni kubwa kuliko popote duniani, na katika wilaya moja ya Ngorongoro wanaishi Wabatemi, Wamaasai na Wadatoga, achilia mbali majirani zao, Wairaqw na Wahadzabe wa Karatu na Eyasi. Benki iliyojengwa kwa damu ya Osaka au Boston itatufaa kidogo. Ikiwa hakuna Mtanzania atakayechangia ngozi na damu, na hakuna maabara yetu itakayozihifadhi, tiba itakapofika itafika ikiwa imepimwa kwa mwili wa mtu mwingine, na huenda mwili wetu ukaikataa.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri benki. Kliniki inayompata mgonjwa mmoja wa glakoma iwaite kaka na dada zake, na watoto wake waliovuka miaka 40. Kuwatafuta hawa ni rahisi kuliko kuwapima watu wa tarafa nzima. Timu za vikope zinapokwenda Malambo au Oldonyosambu zibebe kifaa cha kupima shinikizo na mtu mmoja anayejua kuitazama neva. Leza iliyothibitika Moshi isogee Arusha na Karatu. Na kila mgonjwa aandikwe: jina, kijiji, shinikizo la kila jicho, hali ya neva, tarehe, dawa aliyopewa na kama alirudi. Daftari la aina hiyo katika hospitali ya Wasso au Karatu ni la gharama ya daftari, na siku watafiti watakapotafuta watu wa kushiriki jaribio la kwanza Afrika Mashariki, wataanza kwa kuomba kuliona.